Kichwa Kisichodaiwa Hakitoi

Siku hizi mtu akitaka kuja kwako Msasani, Dar es Salaam, haulizi unakaa wapi. Anakwambia, "Nitumie lokesheni." Unamtumia, bodaboda anaibana simu kwenye usukani, anafuata mstari mpaka getini, na kesho ukimwita tena anaiomba upya. Sina ugomvi na lokesheni. Imenifikisha kwenye misiba ya Kivule na Chanika, huko ambako mji umekua kuliko ninavyoujua. Lakini mimi nimekulia Msasani ya miaka ya 1970, ambako mgeni alifikishwa kwa maneno: shuka Namanga, shika njia ya Mikoroshini, ukiuona mbuyu uliza kwa muuza samaki. Mtoto akitumwa dukani alibeba kichwani vitu, bei zake na chenji inayotakiwa kurudi, na hakuthubutu kurudi nyumbani kuuliza mara ya pili.

Nimeishi mtaani humu nikiwa mtoto wa chuoni, kisha mhasibu, na sasa mtu mzima anayemtunza mama yake mzee. Katika vipindi vyote hivyo nimeona jambo moja likijirudia: kichwa hukumbuka kile kinachodaiwa. Tunahangaika sana na kuingiza. Tusome zaidi, tusikilize zaidi, tuhifadhi zaidi kwenye simu. Anayekumbuka ni yule anayelazimika kutoa, mara kwa mara, bila kuangalizia.

Wenzetu wa London wamelipima jambo hili. Dereva wa teksi kule hapewi leseni mpaka afaulu mtihani wa kuijua mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya kilomita kumi hivi kutoka Charing Cross, na kuisoma humchukua miaka. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa University College London walipiga picha za ubongo wa madereva hao. Walikuta hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu na kujua njia, ni kubwa zaidi upande wa nyuma kuliko ya watu wengine. Mtu angeweza kusema ni athari ya foleni tu, au kwamba waliozaliwa na ubongo wa namna hiyo ndio wanaoipenda kazi hiyo. Mwaka 2006 Maguire akawalinganisha na madereva wa mabasi wa mji huohuo: foleni ileile, abiria walewale, ila basi lina njia yake iliyopangwa. Tofauti ilibaki kwa wa teksi. Mwaka 2011 akatoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi tangu kabla ya mafunzo. Waliofaulu ndio ambao ubongo wao ulibadilika. Wa waliosoma wakafeli, na wa wale ambao hawakusoma kabisa, ulibaki kama ulivyokuwa.

Utafiti huo una upande wa pili ambao hautajwi sana. Madereva wa teksi, pamoja na umahiri wao wa mitaa, walizidiwa na wa mabasi katika kukumbuka michoro mipya waliyoonyeshwa. Ubongo ulitoa pale ulipodaiwa, na pengine ulitoza gharama mahali pengine. Hilo tuliweke akilini, maana litatufaa mbele tutakapofika kwa wanaouza ahadi za kunoa ubongo.

Turudi Msasani. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa mvuvi alfajiri na mwalimu alasiri. Kwa kuutazama mwezi tu alijua lini ni bamvu na lini ni maji mafu, na hakuwa na kalenda ya ukutani. Darasa lake lilikuwa mkeka chini ya mwarobaini. Somo jipya lilikuwa fupi, aya chache tu. Kazi ndefu ilikuwa kudurusu: unasoma ya leo, kisha ya jana, kisha ya wiki iliyopita, na ghafla anakurudisha kwenye sura uliyodhani umeshaachana nayo. Yote kwa ghibu, msahafu umefungwa. Ukikwama hakukusomea haraka. Alinyamaza, akakuacha uhangaike, na ukishindwa kabisa ndipo akakupa neno moja la kukusukuma. Wakubwa walipewa wadogo wa kuwasikiliza, kwa hiyo hata aliyehitimu juzuu aliendelea kudaiwa na mtoto wa miaka sita.

Kumbe alikuwa anafanya kile alichokipima Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanakaa vizuri kuliko marudio mengi ya siku moja. Na lile la kuufunga msahafu lilikuja kupimwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari tena, wengine walifunga karatasi wakaandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kutoa walikumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Wale waliorudia kusoma, tena na tena, ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Uhakika huo wa uongo naujua kwa sura. Nilipokuwa najiandaa na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, tulikuwa kikundi cha vijana tunaokutana uani kwetu baada ya kazi. Mmoja anashika kitabu, wengine mikono mitupu. Anauliza, tunajibu, tukikosea hatuambiwi mpaka kila mtu ajaribu. Kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa na daftari zuri kuliko wote, limepigwa mistari ya rangi tatu, na alikuwa akilisoma kwenye basi kwenda na kurudi. Tulimvuta kwenye mkeka. Wiki za kwanza zilimuuma, kwa sababu kila kitu alikijua akikiona na hakukijua akiulizwa. Kufikia mtihani ndiye alikuwa anatuuliza sisi, daftari limefungwa.

Lakini huwezi kudaiwa kitu ambacho hakikuingia, na mlango wa kuingilia ni umakini. Nyumbani kwa mjomba wangu kulikuwa na redio moja. Saa mbili usiku, taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza, hata kijiko hakikugonga sahani. Habari zilikuja, "Mazungumzo Baada ya Habari" yakafuata, kisha mjomba akaizima redio kuokoa betri. Hapo ndipo swali lilikuja: "Haya, wamesema nini?" Aliuliza kuanzia mdogo kwenda mkubwa, na aliyesema "nimesahau" alijibiwa, "Basi sema hicho kidogo ambacho hujasahau." Hakukuwa na kurudia matangazo. Tulisikiliza tukijua tutadaiwa, na usikilizaji wa namna hiyo hauna mfano.

Nchi nzima iliwahi kusomeshwa hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi pamoja, kikiisha wakakijadili, wakakubaliana cha kufanya, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Kusikia, kusimulia, kutenda: mafunzo yalidaiwa mara tatu.

Leo kila mtu ana redio yake mkononi na haizimwi. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima muda ambao wafanyakazi wa ofisini hukaa na kitu kimoja kwenye kioo kabla ya kuhamia kingine. Mwaka 2004 ilikuwa dakika mbili na nusu hivi. Katika vipimo vya miaka ya karibuni ni wastani wa sekunde 47. Ubongo haufanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja. Unahama kutoka hii kwenda ile, na kila kuhama kuna muda wa kutafuta ulipoishia. Nimefunga hesabu za mwaka ofisini huku simu ina kundi la ukoo, kundi la mtaa na makundi ya kamati za harusi, kila moja likihimiza michango kwa sauti yake. Nilichojifunza ni kwamba kuifudikiza tu simu mezani hakutoshi. Inakaa kwenye droo, milio imezimwa, mpaka ukurasa wa hesabu uishe. Mchango wa harusi haujawahi kukataliwa kwa kuchelewa saa mbili.

Mtu akiniambia umakini ni kipaji, namwonyesha konda wa daladala la Msasani kwenda Kariakoo. Gari limejaa, watu wanapanda Namanga na kushuka Morocco, tiketi hakuna, na bado anajua kwamba dada wa dirishani anadai mia tano yake na kaka aliyejifanya amelala hajalipa. Hajasomea. Jioni hesabu ya tajiri inamdai, kwa hiyo nyuso zote zile anazitazama kweli. Abiria mwenzangu ambaye amekaa na watu hao saa nzima hawezi kukutajia hata mmoja.

Kuna mambo ambayo kichwa hakiyapati kwa bidii peke yake, mpaka mwili ukubali. La kwanza ni usingizi. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwafundisha wanafunzi wawili silabi, wakawapima baada ya saa kadhaa za kulala na baada ya saa hizohizo za kukaa macho. Walipolala nazo walizikuta nyingi zaidi. Tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha kwamba ubongo hutumia usingizi kuyapanga na kuyakaza yale uliyojifunza mchana. Mtaani kwetu ngoma ya kigodoro inapigwa mpaka alfajiri wiki ya mitihani ya kidato cha nne, na mzazi anampongeza mwanawe kwa kukesha na vitabu. Mtoto huyo anaingiza usiku kucha, halafu ananyimwa zile saa ambazo ubongo ungeyakaza aliyosoma.

La pili ni miguu. Mama yangu alikuwa akitembeza samaki. Alinunua pwani ngalawa zinapoingia, akabeba ndoo kichwani mpaka Oysterbay, mlango kwa mlango. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la wazee 120 wenye umri kati ya miaka 55 na 80. Nusu yao walitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja; wengine walifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Hipokampasi za waliotembea ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi, wakati za wenzao zilipungua kama ilivyo kawaida ya umri. Mama hakuwa na habari ya hipokampasi. Alikuwa na ndoo.

Alikuwa pia na madeni. Wateja wake wengi walilipa mwisho wa mwezi, naye hakujua kuandika, kwa hiyo alilala na kuamka na orodha kichwani: nyumba ya mwembe, changu wawili, nyumba ya mbwa mkali, pweza. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya jioni yalifunguliwa hata kwetu, na mama akaenda na khanga yake begani. Alijifunza kusoma akiwa na watoto mgongoni. Hata baada ya kupata daftari la madeni aliendelea na utaratibu wake: kwanza anayataja kwa kichwa, ndipo anafungua daftari kuhakiki.

Sasa ana zaidi ya miaka themanini. Wakati fulani majirani walianza kunong'ona. Anaulizwa hili, anajibu lile. Jina la mjukuu linamponyoka. Mwingine akasema ni uzee tu, mwingine akasema tuangalie asije akawa amechezewa. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alikataa yote mawili. "Kabla hatujasema mama amesahau, tuulize kama amesikia." Daktari wa masikio alitoa nta iliyokuwa imeziba sikio moja, akapima la pili akakuta usikivu umepungua, na presha nayo ikakutwa juu. Tukaanza dawa ya presha, tukaacha tabia ya kumsemesha tukiwa tumempa mgongo. Hajawa msichana, lakini maswali mengi aliyokuwa "hayakumbuki" yalipata majibu.

Dada alikuwa na hoja ya kisayansi nyuma yake. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani ingeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa mambo hayo yakishughulikiwa. Elimu ndogo utotoni imo. Masikio na macho yasiyotibiwa yamo. Presha, kisukari, lehemu nyingi, unene, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, sonona, upweke na hewa chafu, vyote vimo. Na kuumia kichwa kumo. Kila ninapomwona bodaboda ameitundika helmeti kwenye kioo nakumbuka hilo.

Ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao, wala si jina jingine la uzee. Katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha demensia kwa takriban asilimia 6.4. Maana yake wazee walio wengi, hata baada ya miaka 70, hawana. Watafiti hao walikutana na kikwazo: vipimo vya kigeni vinamtaka mtu achore kwa kalamu, na bibi ambaye hakwenda shule angefeli kalamu kabla ya kufeli kumbukumbu. Wakatumia njiti za kiberiti. Unaonyeshwa umbo, unalipanga kwa njiti. Baadaye hukohuko Hai walijaribu tiba ya vikundi iliyoanzia Uingereza, vikao 14 ambapo wazee wenye demensia ya awali na ya kati wanakaa pamoja, wanazungumzia chakula, utoto, pesa, wanaimba, wanapanga vitu. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuimarika katika vipimo vya akili na katika hali zao za maisha. Hakuna kidonge katika tiba hiyo. Kuna watu wanaokuuliza maswali na kusubiri jibu.

Ndiyo maana nikipita baraza la wazee wa bao karibu na pwani sioni watu wanaopoteza muda. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji mzuri anahesabu kete zitalala wapi kabla hajaigusa hata moja. Hata hivyo siwezi kumwambia mtu kwamba bao litamkumbusha alikoweka funguo. Tukumbuke wale madereva wa teksi: mazoezi huimarisha kile unachokizoeza. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ya Marekani, iliyokuwa ikiuza michezo ya kompyuta ya kunoa ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kwamba ahadi zake hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Faida kubwa ya bao ipo katika lile baraza lenyewe: mzee anatoka nyumbani, anatembea, anataniwa, anadaiwa kujibu. Na kwa wale wanaotuuzia kwenye foleni vidonge vya kuongeza kumbukumbu, Shirika la Afya Duniani lilishasema katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kwamba vitamini B, vitamini E na vidonge vya mafuta ya samaki havipendekezwi kwa ajili ya kuzuia kudhoofika kwa akili. Samaki mwenyewe yupo pwani, tena kwa bei nafuu.

Kwa hiyo ombi langu kwako msomaji ni dogo. Mtoto akimaliza kusoma, mfungie kitabu na umwombe akusimulie, kisha mrudie baada ya siku chache, na usiku wa mtihani mlaze. Simu yako iwekee saa zake. Pima presha hata kama huumwi, na vaa helmeti hata kama unaishia Namanga. Na ukiwa na mzee nyumbani, mpeleke akapimwe masikio na macho kabla hujampa jina la ugonjwa, kisha kaa naye umuulize ya zamani na ya leo asubuhi. Asipojibu upesi usimjibie. Msubiri.